Choa cha ngozi: pomadi ya bei ndogo inaponya, mradi mgonjwa aitumie mpaka mwisho

Duara lenye kingo nyekundu kwenye shavu la mtoto. Mwasho kati ya mapaja ya kijana anayeshinda juu ya pikipiki. Ngozi iliyolowa na kupasuka kati ya vidole vya miguu ya mchimbaji wa madini anayevaa buti za mpira toka asubuhi mpaka jioni. Mara nyingi mambo haya matatu yana chanzo kimoja: kuvu inayokula ngozi, ile ambayo watu wengi huita shampinyo.

Kutoka Goma mpaka Bukavu, Uvira, Butembo na Bunia, familia nyingi zinaujua ugonjwa huu. Hauui mtu, lakini unakula franga. Mzazi ananunua pomadi ya kwanza, anapaka siku tano, anaona ngozi imetulia, anaacha. Majuma mawili baadaye duara linarudi. Ananunua pomadi ya pili, yenye nguvu zaidi na bei ya juu. Mwasho unaisha usiku uleule, lakini doa linapanuka. Mara ya tatu ndipo anaenda hospitali, na huko analipa kadi, dawa na siku ya kazi iliyopotea.

Njia hiyo ndefu inaweza kuepukwa. Kwa choa cha kawaida kwenye ngozi ya mwili, matunzo yanafanyika nyumbani, kwa pomadi ya bei ndogo inayopatikana karibu kila farmasi. Sharti ni tatu: kuchagua dawa inayoua kuvu, kuitumia majuma yote yanayohitajika, na kujua wakati pomadi haitoshi tena.

Ugonjwa wenyewe ni upi?

Kuvu zinazoleta choa zinaishi kwenye sehemu ya juu kabisa ya ngozi, kwenye nywele na kwenye kucha. Chakula chao ni keratini, kitu kigumu ambacho ngozi, nywele na kucha zimetengenezwa nacho. Kwa sababu hiyo, kwa mtu mwenye afya ya kawaida, hazishuki ndani ya mwili. Zinatambaa juu tu, zikitoka katikati kwenda pembeni, na ndiyo maana doa linachukua umbo la duara: kingo zimeinuka, zina magamba na zinawasha, wakati katikati ngozi inaanza kuonekana safi. Kwenye ngozi nyeusi wekundu hauonekani vizuri kila mara. Kingo zinaweza kuwa za rangi ya kahawia iliyoiva ao ya kijivu.

Jina linabadilika kufuatana na mahali. Kwenye mikono, kifua, mgongo na uso watu husema choa. Kichwani, ambako nywele zinakatika na kuacha vipara vyenye magamba, husema mapunye; waganga waliosomea Kifaransa wataandika "teigne" kwenye karatasi. Kuvu hushika pia kati ya mapaja, chini ya matiti, kati ya vidole vya miguu na kwenye kucha.

Kuna pia madoa mepesi, meupe ao ya kahawia, yanayotawanyika kifuani, shingoni na mgongoni bila kuwasha sana. Hayo yanaletwa na kuvu ya aina nyingine, ambayo inaishi kwenye ngozi ya karibu kila mtu na kuongezeka wakati wa joto na jasho. Hayaambukizi, na hayatokani na uchafu. Dawa yake inaweza kuwa pomadi ileile inayotibu choa, ao shampoo yenye sulfidi ya seleni inayopakwa mwilini na kusafishwa kwa maji. Lakini hata baada ya kuvu kufa, rangi ya ngozi inachukua miezi kurudi. Wengi wanafikiri dawa imeshindwa, kumbe kazi imekwisha na ngozi inasubiri tu muda wake.

Namna choa kinavyopita toka mtu kwa mtu

Choa kinapita kwa kugusana ngozi kwa ngozi, na kwa vitu vinavyotumiwa pamoja: taulo, kitenge cha kujifunika, kitana, kofia, matela, mashine ya kunyoa. Vipande vidogo vya ngozi na nywele vinavyoanguka vinabeba kuvu hai, na kuvu hiyo inaweza kukaa siku nyingi kwenye nguo na vyombo ikisubiri mwenyeji mwingine.

Maisha ya Mashariki mwa Congo yanaipa nafasi nyingi. Bukavu mvua inanyesha toka mwezi wa 9 mpaka mwezi wa 5, na nguo zinalala zikiwa na unyevu. Uvira na Kalemie, kando ya ziwa Tanganyika, ni joto na jasho. Katika nyumba ambazo zimepokea ndugu waliokimbia vita, watoto wanne ao watano wanalala juu ya matela moja. Goma, mji uliojengwa juu ya mawe ya volkano, wakaaji wengi wananunua maji kwa bidoni. Mlipuko wa Nyiragongo wa tarehe 22 Mei 2021 uliharibu hata sehemu ya mitambo iliyokuwa inagawa maji hayo. Mama mwenye bidoni mbili kwa siku anachagua kwanza kupika na kunywa.

Kuna mlango mwingine ambao wazazi wengi hawaufikirii: wanyama. Paka na mbwa wadogo, ndama, sungura na kobayi wanaweza kubeba kuvu za ngozi, mara nyingine bila kuonyesha dalili yoyote. Katika Kivu Kusini kobayi wanafugwa katika nyumba nyingi, na mara nyingi watoto ndio wanaowakatia majani, kuwakamata na kuwabeba. Choa kinachotoka kwa mnyama huvimba na kuuma kuliko kile kinachotoka kwa mtu. Hakuna lazima ya kuacha ufugaji. Inatosha mtoto anawe mikono kwa sabuni baada ya kuwashika, kobayi wasilale ndani ya chumba cha watu, na mnyama mwenye sehemu zisizo na manyoya atengwe na wengine.

Dawa zenye bei ndogo

Dawa inayopatikana zaidi ni pomadi ya klotrimazoli ya asilimia 1. Imetumiwa ulimwenguni tangu miaka ya 1970. Nyingine inayofanya kazi namna moja ni mikonazoli ya asilimia 2, ambayo iko katika orodha ya dawa za lazima ya Shirika la Afya Ulimwenguni, OMS. Terbinafini ya kupaka inaua kuvu kwa haraka zaidi, lakini mara nyingi bei yake iko juu. Mtu asiye na uwezo wa kununua terbinafini hakosi kupona: klotrimazoli ao mikonazoli, ikitumiwa vema, inatosha kwa choa cha kawaida.

Ya nne ni ya zamani zaidi: pomadi ya Whitfield, yenye jina la mganga wa ngozi wa London wa mwanzoni mwa karne ya 20. Ina asidi benzoiki asilimia 6 na asidi salisiliki asilimia 3, na yenyewe iliwahi kuwa katika orodha ya OMS. Inatoa magamba ya ngozi pamoja na kuvu iliyomo. Ubaya wake ni kwamba inaunguza kidogo. Haifai usoni, kati ya mapaja, sehemu za siri, ao kwenye ngozi yenye vidonda. Kwenye mikono, miguu na mgongo inafanya kazi nzuri.

Namna ya kutumia ni ileile kwa klotrimazoli na mikonazoli. Mtu anaosha sehemu yenye ugonjwa kwa maji na sabuni ya kawaida, bila kusugua kwa nguvu. Anakausha kabisa. Kisha anapaka pomadi nyembamba juu ya doa, na kupita kingo zake kwa sentimeta 2 hivi kwenye ngozi inayoonekana nzima, kwa sababu kuvu imekwisha kufika pale kabla ya jicho kuiona. Anafanya hivyo asubuhi na jioni, kisha ananawa mikono.

Muda ni majuma 2 mpaka 4. Kanuni ambayo waganga wanaifuata ni hii: baada ya doa kupotea machoni, mgonjwa anaendelea kupaka kwa majuma 2 mengine. Siku hizo za mwisho ndizo zinazoamua kama choa kitarudi ao hapana.

Tubu moja inafika wapi?

Watu wengi wanaacha kupaka kwa kuogopa kwamba dawa itakwisha na watalazimika kununua nyingine. Hesabu inaonyesha kwamba woga huo mara nyingi hauna msingi.

Waganga wanapima pomadi kwa kidole. Pomadi inayokamuliwa juu ya kidole cha shahada cha mtu mzima, kuanzia mkunjo wa mwisho mpaka ncha, ina uzito wa karibu nusu gramu. Kiasi hicho kinatosha kupaka sehemu yenye ukubwa wa mikono miwili ya mtu mzima, kiganja pamoja na vidole.

Tuseme choa, pamoja na zile sentimeta 2 za pembeni, kina ukubwa wa mkono mmoja. Kila mara inahitajika robo ya gramu, yaani nusu gramu kwa siku. Kwa siku 28 ni gramu 14. Tubu moja ya gramu 20 inamaliza matunzo yote na kubakisha. Kama madoa yote pamoja yana ukubwa wa mikono miwili, ni gramu 28, yaani tubu mbili. Anayepaka pomadi nene kama siagi juu ya mkate hapati kupona haraka. Anamaliza tu tubu yake mapema.

Kabla ya kulipa, inafaa kutazama mambo matatu: tubu iwe imefungwa, tarehe ya mwisho iwe haijapita, na dawa iwe haijashinda juani juu ya meza ya soko ao ndani ya kikapu cha mchuuzi anayezunguka. Pomadi iliyoyeyuka kwa jua na kuachana, mafuta upande na maji upande, haina dhamana tena.

Pomadi za mchanganyiko: mwasho unakwisha, ugonjwa unabaki

Kosa linalogharimu zaidi ni pomadi za mchanganyiko. Katika farmasi nyingi ziko tubu ambazo ndani yake kuna dawa ya kuvu, antibiotiki, na dawa ya jamii ya kortikoidi. Zinapendwa kwa sababu zinatuliza mwasho haraka. Anayeuzisha dawa naye anazipenda, maana mteja anarudi akishukuru.

Shida iko kwenye kortikoidi. Dawa hizo zinanyamazisha ulinzi wa mwili kwenye ngozi. Wekundu na mwasho ni alama kwamba mwili unapigana na kuvu. Ukiuzima ulinzi huo, ngozi inatulia, lakini kuvu inapata uhuru wa kutambaa. Duara linapoteza umbo lake, linapanuka, na hata mganga anapata shida kulitambua. Mgonjwa akiacha pomadi, mwasho unarudi kwa nguvu kuliko mwanzo, naye anakimbilia tubu ileile. Ikitumiwa muda mrefu, hasa usoni na kati ya mapaja, kortikoidi yenye nguvu inapunguza unene wa ngozi, inaleta mistari isiyofutika na chunusi.

Kuitambua ni rahisi kwa anayesoma maandishi madogo ya boksi. Yakionekana majina kama bétaméthasone, clobétasol ao dexaméthasone, hiyo siyo pomadi ya kujichagulia kwa ajili ya choa. Dawa hizohizo hupatikana pia ndani ya baadhi ya krimu za kubadilisha rangi ya ngozi. Mtu anayejichubua na kushikwa na choa hawezi kupona vizuri kama anaendelea kupaka krimu hiyo: mkono mmoja unaua kuvu, mwingine unailisha.

India imekwisha kuona matokeo yake. Katika miaka ya 2010, waganga wa ngozi wa inchi hiyo walianza kupokea wagonjwa wengi wenye choa kilichotapakaa mwili mzima na kinachorudi kila mara. Pomadi za mchanganyiko zinazouzwa bila karatasi ya mganga zilitajwa kati ya sababu kubwa. Mwaka 2020 watafiti walitoa jina la Trichophyton indotineae kwa kuvu moja ya huko ambayo mara nyingi haisikii terbinafini, na tangu wakati huo imeonekana pia Ulaya na Marekani. Jambo hilo linahusu Congo kwa karibu: dawa nyingi zinazouzwa katika farmasi zetu zinatengenezwa India.

Kosa la pili ni vidonge vya ketokonazoli vinavyonunuliwa bila mganga. Mwaka 2013 wakala wa dawa wa Umoja wa Ulaya ulipendekeza vidonge hivyo visimamishwe kwa magonjwa ya kuvu, kwa sababu ya hatari ya kuharibu ini. Ketokonazoli ya kupaka, ao ya shampoo, haina hatari hiyo. Ni kidonge ndicho cha kuogopwa.

Kosa la tatu ni kufungua kapsuli za antibiotiki na kunyunyiza unga wake juu ya choa. Antibiotiki zinaua bakteria. Kuvu siyo bakteria. Unga huo haufanyi kitu juu yake, na dawa ambayo ingeokoa mtu siku nyingine inapotea bure.

Majani, kitunguu saumu na petroli

Si dawa zote za wazee ni za kutupa. Mmea wenye maua ya manjano yaliyosimama kama mishumaa, ambao kwa Kifaransa unaitwa "dartrier" na kwa wanasayansi Senna alata, unatumiwa kwa choa katika inchi nyingi za joto, na maabara zimeonyesha kwamba majani yake yana vitu vinavyozuia kuvu. Taabu ni kipimo: jani la leo na la kesho havina nguvu sawa, na majani yaliyosagwa kwenye jiwe lenye uchafu yanaweza kuingiza bakteria kwenye ngozi iliyokunwa. Anayeyatumia ayaoshe vizuri, na kama baada ya majuma 2 hakuna badiliko, aende kwenye pomadi.

Kitunguu saumu nacho kina kitu kinachopigana na kuvu, lakini kikifungwa kibichi juu ya ngozi kinaunguza mpaka malengelenge, hasa kwa mtoto. Malengelenge hayo yanageuka kidonda, na kidonda kinaomba franga zaidi kuliko choa.

Petroli, maji ya betri na Javel isiyochanganywa na maji havina nafasi yoyote kwenye ngozi. Vinaunguza. Ngozi iliyoungua inaacha kuwasha kwa sababu imeharibika, siyo kwa sababu imepona.

Mapunye ya kichwani yanahitaji kituo cha afya

Hapa ndipo wazazi wengi wanapoteza franga zao bure. Kichwani, kuvu inaingia ndani ya unywele na kushuka mpaka kwenye mzizi wake. Hakuna pomadi inayofika huko. Mtoto anaweza kupakwa miezi 6 na vipara vikaendelea kuongezeka.

Mapunye yanatibiwa kwa dawa ya kumeza, mara nyingi griseofulvini, kwa majuma 6 mpaka 8 ao zaidi, kufuatana na kilo za mtoto. Inamezwa pamoja na chakula chenye mafuta kidogo, maana mafuta yanaisaidia kuingia mwilini. Karanga, parachichi ao mboga zilizopikwa kwa mawese zinatosha. Kipimo kinatolewa na mganga ao muuguzi. Mwanamke mwenye mimba hapaswi kuimeza. Shampoo ya ketokonazoli ao ya sulfidi ya seleni haiponyi mapunye peke yake, lakini inapunguza kuvu inayoanguka toka kichwani na hivyo inawakinga ndugu zake.

Wakati mwingine kichwa kinavimba, kinakuwa laini kama jipu na kutoa usaha. Wazazi wanakipasua kwa wembe. Hiyo ni hatari na haina faida: uvimbe huo ni hasira ya mwili juu ya kuvu, na mtoto anaweza kubaki na kovu ambalo nywele hazitaota tena. Njia ni kituo cha afya, haraka.

Mtoto aliyeanza matunzo hana sababu ya kufukuzwa masomo. Inatosha asibadilishane kofia na vitana na wenzake. Katika saluni, mzazi ana haki ya kuomba mashine isafishwe kabla ya kunyoa: nywele zote ziondolewe kwa brashi, kisha vyuma vipanguswe kwa alkoli. Mwenye uwezo anaweza kuchukua mashine ao wembe wake mwenyewe.

Kucha zilizonenepa, zenye rangi ya manjano na kuvunjika, nazo haziponi kwa pomadi ya kawaida. Zinahitaji dawa ya kumeza ya miezi kadhaa. Kwa mtu asiyeumwa nazo, si tumizi la kukimbilia.

Kukauka kunashinda maji mengi

Katika nyumba ambamo maji yananunuliwa, habari njema ni kwamba kuvu haiogopi wingi wa maji. Inaogopa ukavu. Kuoga mara moja kwa siku kwa sabuni ya kawaida kunatosha, mradi mtu ajikaushe vizuri kati ya vidole, kati ya mapaja na chini ya matiti. Anayeoga mara tatu na kuvaa nguo akiwa bado na maji anaitengenezea kuvu shamba.

Kila mgonjwa awe na taulo ao kitenge chake. Sehemu yenye choa ikaushwe mwishoni, kusudi taulo isibebe kuvu kwenda mahali pengine. Nguo za ndani, soksi na shuka za mgonjwa zifuliwe kwa maji ya moto pale inapowezekana, zianikwe juani, na wakati wa mvua zipigwe pasi; pasi ya makala inafanya kazi hiyo vizuri kama ile ya umeme, hasa ikipita juu ya mishono na mikunjo.

Wenye kuvaa buti za mpira siku nzima, wawe wachimbaji, wakulima ao walinzi, wana faida kubwa wakibadilisha soksi kila siku, wakavua buti wakati wa kupumzika na kuzilaza mdomo wazi mahali penye hewa usiku. Wenye kushinda juu ya pikipiki wachague nguo ya ndani ya pamba isiyobana.

Na wote wenye choa katika nyumba moja watibiwe wakati mmoja. Kumtibu mtoto mmoja na kumwacha mwenzake wanayelala naye ni kununua tubu ya pili mapema.

Si kila doa ni choa

Kujitibu nyumbani kunaomba uhakika wa ugonjwa. Upele, ule unaoitwa "gale" kwa Kifaransa, unawasha hasa usiku, unaonekana kati ya vidole vya mikono, kwenye viganja, kiunoni, na mara nyingi unashika nyumba nzima. Unaletwa na mdudu mdogo sana, siyo kuvu. Pomadi ya choa haimgusi.

Doa jepesi lisilowasha na lisilosikia mguso ao moto linaweza kuwa ukoma. Congo ni kati ya inchi za Afrika ambamo ugonjwa huo bado unaonekana kila mwaka. Dawa zake ni za bure, na anayeanza mapema anapona bila kilema. Mtu anayepaka pomadi ya choa juu ya doa la namna hiyo anapoteza miezi ambayo mishipa yake haiwezi kurudisha.

Malengelenge ao vipele vyenye maji vinavyokuja pamoja na homa na uvimbe wa tezi vinaweza kuwa mpox. Kivu Kusini inakumbuka vizuri mlipuko ulioanzia Kamituga mwaka 2023, kabla OMS haijatangaza hali ya dharura ya kimataifa tarehe 14 Agosti 2024. Mtu mwenye dalili hizo hapaswi kujipaka chochote akisubiri. Aende kituo cha afya, na aepuke kugusana na wengine.

Wakati wa kuonana na mganga

Hata kwa choa cha kweli, kuna hali ambazo matunzo ya nyumbani hayatoshi. Mgonjwa anapaswa kwenda kituo cha afya kama hakuna nafuu baada ya majuma 2 ya kupaka vizuri. Kama madoa yametapakaa sehemu kubwa ya mwili. Kama ngozi imevimba, ina usaha ao mtu ana homa. Kama ugonjwa uko kichwani ao kwenye kucha. Kama mgonjwa ni mtoto mchanga, mwanamke mwenye mimba, mtu mwenye ugonjwa wa sukari ao anayeishi na virusi vya ukimwi. Choa kinachorudi mara kwa mara bila sababu kinaweza kuwa alama kwamba ulinzi wa mwili umepungua, na hapo vipimo vina maana kuliko tubu nyingine.

Anapofika, achukue tubu zote alizotumia, hata zilizokwisha. Mganga akiona kulikuwa na kortikoidi, ataelewa kwa nini duara halina tena umbo la duara, na atajua pa kuanzia.

Kwa wengine wote, ambao ndio wengi, kazi ni ndogo na bei ni ndogo: tubu moja ya dawa inayoua kuvu, isiyochanganywa na kitu kingine, asubuhi na jioni, juu ya ngozi kavu, na majuma 2 zaidi baada ya doa kupotea.